Mlo wa Chatu Mchanga

Asifiwe Mungu aliyeumba viumbe vyenye miguu na visivyo na miguu, akakipa kila kimoja mdomo wake na riziki ya kukitosha. Asifiwe kwa kunifikisha umri huu nikiwa na macho ya kuona na kumbukumbu ya kusumbuka nayo. Nasema kusumbuka kwa sababu jambo ninalotaka kuliandika limeninyima utulivu tangu wiki iliyopita. Nimeona nisipoliandika litaendelea kunizungusha ndani ya nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Nilikuwa kwa binti yangu, mtaa wa Mazwi mjini, tukihamisha magunia ya mahindi ili tufagie. Nyuma ya gunia la mwisho tukakuta kiota cha panya: watoto sita, wameanza kuota manyoya, macho bado yamefumba. Mjukuu wangu akakimbilia ufagio. Mimi nikainama, nikamchukua mmoja, nikamlaza sambamba na kidole changu gumba, nikasema, "Huyu anafaa."

"Anafaa nini, mama?" binti yangu akauliza.

Nilimrudisha yule panya kiotani, nikaenda kukaa nje juani, na siku nzima sikushika kazi nyingine.

Wenzangu wa rika langu mnakumbuka kuhamia vijijini. Sisi tulikuwa juu uwandani, nyumba tisa zilizotawanyika, kila moja na ua wake na shamba lake. Ukipanda kidogo unaona ukingo wa nchi unavyokatika, na chini kabisa, siku isiyo na ukungu, unaona bonde la Mtowisa linavyong'aa kwa joto. Kwetu hakukuwa na joto. Upepo ulipita toka asubuhi hadi jioni bila mti wa kuuzuia, na watoto tulikuwa na midomo iliyopasuka mwaka mzima. Tulipewa habari baada ya mavuno: nyumba zote tisa zihamie kijiji kipya kando ya barabara, kuwe na shule, zahanati na maji. Lori litakuja. Atakayebaki, nyumba yake itabomolewa.

Tangu siku ile hakuna aliyekaa. Ndivyo ninavyokikumbuka kipindi kile, watu hawaketi. Mama alianza kufunga vyungu kwa nyasi, akavifungua apike, akavifunga tena. Wanaume walipanda kichuguu kutazama vumbi la lori, wakashuka, wakapanda. Mbwa walishindwa kulala. Hata sala ya jioni baba aliisoma akiwa amesimama, naye alikuwa katekista, mtu aliyetufundisha kupiga magoti hadi magoti yakaota sugu.

Bibi peke yake alikuwa ametulia. Bibi, mama yake baba, alibatizwa akiwa mtu mzima. Jumapili alikwenda kanisani na rozari shingoni, na Jumatatu alirudi kwenye mambo ya wazee wake bila kuona kikwazo. Kwa wazee wa Ufipa chatu alikuwa mgeni kutoka kwa wenye kilima, mizimu inayoilinda nchi. Akiingia shambani au uani kwa mtu haguswi kwa fimbo. Anatandikiwa kitambaa cheupe, anapakwa mafuta ya nyonyo, anawekewa unga wa ulezi, na watu wanampigia makofi ya taratibu kama wanavyompigia mkubwa.

Sasa, wiki ileile ya habari ya lori, bibi alikuwa akifukua tuta la shambani akakuta chatu mchanga amejikunja kwenye vuguvugu la nyasi zilizokuwa zikioza ndani. Urefu wake haukuzidi mkono wangu. Alimleta nyumbani ndani ya kikapu, akamweka kwenye mtungi wa pombe uliovunjika shingo, akamfunika kwa kitambaa. Kisha akamwita baba na kumwambia mbele yetu sote.

"Mgeni amekuja kusikia habari zetu. Akila chakula cha mkono wetu, ameturuhusu, nitapanda lori lenu. Akikataa, ninyi nendeni. Mimi nabaki naye."

"Mama," baba alisema, "nyumba itabomolewa."

"Nitakaa kwenye tanuru la baba yangu." Alimaanisha yale matanuru ya udongo ambamo wazee walikuwa wakiyeyushia chuma; moja lilikuwa bado limesimama mtelemkoni, refu kuliko mtu.

"Mama, mimi ni katekista. Watu watasemaje, nyoka ndiye anayetuamulia?"

"Waambie sikuwauliza."

Baba alitoka nje. Hakumtazama yule nyoka hata mara moja, nami nikaelewa kwamba anamchukia kama tulivyofundishwa katika somo la bustani ya Edeni. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Nililala kitanda kimoja na bibi, nilikula bakuli moja na bibi, na usingizi niliujua kwa harufu ya ugoro wake. Nilichoelewa ni kimoja tu: yule nyoka asipokula, bibi atabaki peke yake kwenye upepo ule. Nikasema kulisha ni kazi yangu, na bibi akasema, "Haya, Tazia. Mgeni ni wako."

Mtu wa kwanza kunisaidia alikuwa Skola, mtoto wa jirani, msichana mkubwa kidogo kuliko mimi, hodari wa kunasa panya kuliko kaka zake. Alikuja na watoto wawili wa panya amewaviringisha kwenye jani la boga, wenye manyoya machache.

"Mpe hawa," alisema. "Ni laini, hawana meno."

Nilimteremsha mmoja mtungini. Chatu alikuwa amejikunja, kichwa juu ya mwili. Alitoa ulimi, akaurudisha, akautoa tena. Kichwa kikaanza kusogea polepole sana, na moyo wangu ukasogea nacho. Hapo mkono wa bibi ukapita juu ya bega langu, ukamtoa yule panya.

"Hiki ni nini?"

"Chakula chake, bibi."

"Padri akija hapa kwetu, mama yako anampa nini?"

"Kuku mzima."

"Na mgeni wa kilima unampa kitu cha kuziba jino?"

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Ni kweli, kwetu mgeni hapewi kipande kidogo. Afadhali watoto wa nyumbani wale mchuzi. Skola alichukua panya wake akaondoka amenuna, na mimi nikaanza kutafuta chakula kinachomstahili mgeni. Nilimwomba mama paja la kuku, nikamwekea likiwa limechemshwa vizuri na chumvi. Lilikaa mtungini hadi likaanza kunuka. Nilijaribu kifaranga aliyeanza kuota mabawa. Alilia, akaruka, akamkanyaga mgeni kichwani, akatoka mbio hadi kwa mama yake. Kila nilipoulizia, bibi alikuwa na jibu moja. "Bibi, huyu ametosha?" "Mgeni anastahili kikubwa, mjukuu wangu." Kila kilipokataliwa alifunika mtungi, akaenda kusaga ulezi wake kana kwamba kesho na keshokutwa ataendelea kusaga palepale.

Skola hakuacha kunichokoza. "We Tazia, mgeni wako anafunga Kwaresima?"

"Nyamaza."

"Au anasubiri aletewe ng'ombe? Mwambie ng'ombe wamekwisha kuhama."

Siku zikawa chache. Nyumba mbili zilikuwa zimekwisha kuezuliwa, miti ya paa imelazwa uani kama mbavu. Balozi wa nyumba kumi alipita na daftari kuuliza nani yuko tayari, na alipofika kwetu baba alisema, "Wote tuko tayari," akageuka haraka. Usiku sikulala, nikawa nasikiliza pumzi ya bibi na kuhesabu vitu anavyohitaji mtu anayebaki peke yake: kuni, maji, mtu wa kumkuna mgongo.

Nilichofanya asubuhi yake najutia hadi leo. Nilitega ghalani, nikanasa panya mkubwa, dume lenye mkia kama kamba na meno ya njano. Nilifurahi. Nilimwona kama fahali. Nilimwangusha mtungini, nikaziba mdomo wa mtungi kwa ungo asitoroke kama kifaranga, nikakaa juu ya ungo nikisali. Nilisikia mshindo, kisha kimya, kisha kukwaruza. Nilidhani ndiyo karamu. Nilipofunua, panya alinirukia kifuani akakimbia, na chatu alikuwa amejikunja kama fundo, na nyuma ya kichwa chake pamechanika, nyama inaonekana.

Bibi alimpaka mafuta penye jeraha. Mikono yake ilikuwa na huruma, wala hakunigombeza. Hilo nalo lilinishangaza, maana bibi aligombeza hata kwa kumwaga maji.

"Amekataa," alisema. "Kesho tutamwambia baba yako."

Lori lilikuwa linakuja keshokutwa. Bibi alikwenda kwa mama Skola kuagana, kwa kuwa wao walikuwa na uhakika wa kuondoka. Nikabaki chini, nimeukumbatia mtungi, nalia. Baba aliingia kutafuta kamba.

"Nini tena?"

"Ameumwa, baba. Hatakula. Bibi atabaki."

Alisimama pale na kamba mkononi. Alitazama mlangoni. "Bibi yako yuko wapi?"

"Kwa mama Skola."

Akaiweka kamba chini. Akapiga magoti, tendo ambalo hakuwa amelifanya kwa wiki mbili, akaingiza mikono yote mtungini, akamtoa yule chatu akimshikilia pande mbili kama mtu anayemnyanyua mtoto mchanga, kiganja kimoja chini ya shingo. Chatu akajiviringisha kwenye kifundo cha mkono wake, akatulia. Nilisahau kulia.

"Kwanza ana baridi," alisema kwa sauti ya chini. "Mwenye baridi hali. Msogeze karibu na mafiga. Karibu, si juu." Akachomoa unyasi mmoja kutoka kwenye paa. "Ulikuwa unapima kwa nini?"

"Kwa heshima yake, baba."

Alitaka kucheka, nadhani. "Usimtazame heshima. Wala usimtazame mdomo, mdomo wake unafunguka kuliko unavyodhani, utakudanganya. Tazama hapa, katikati, aliponenepa kuliko pote." Akauzungusha ule unyasi kiunoni mwa chatu, akaufunga fundo, akauvua taratibu ukawa pete. "Panya anayepita humu kwa kubanwa kidogo. Akizidi hapo atamshinda, au atamuuma kama huyo wako. Akimmeza kwa nguvu atamtapika. Na akishakula, usimshike. Siku tatu. Ukimtikisa, atarudisha chote."

"Baba, wewe umejuaje?"

Alimrudisha chatu mtungini, akasimama akipangusa magoti. "Kalete panya," alisema. "Kabla bibi yako hajarudi."

Nilikimbia kumtafuta Skola. Nilimwonyesha ile pete, naye bila kuuliza akachukua jembe. Tulikwenda kwenye matuta yaliyovunwa, tukafukua moja baada ya jingine, tukiwapitisha panya kwenye pete kama wanawali wanaojaribu bangili. "Huyu bwana amenona mno." "Huyu mwembamba, ataona aibu kuliwa." Nyuma yetu watu walikuwa wakiangusha paa la nyumba ya tatu na vumbi la nyasi likatufuata hadi shambani, na kila nilipoinua uso nilidhani ni vumbi la lori. Panya wa tano alipita kwa kubanwa kidogo. Alikuwa mchanga, manyoya yake yamejaa, hana hasira.

Bibi alikuwa amerudi tulipofika. Nikasema nataka kujaribu mara ya mwisho, mbele yake, asije akasema hakuona. Alitazama mtungi uliosogezwa kwenye mafiga. Alimtazama panya mkononi mwangu. "Haya," akasema, akaketi.

Nilimteremsha. Ulimi ukatoka. Kichwa kikasogea kama siku ile ya kwanza, na safari hii hakuna mkono uliopita juu ya bega langu. Alimkamata kwa pigo moja ambalo jicho langu halikuliona, akamzungushia mwili mara mbili, akatulia muda mrefu hadi nikadhani wote wamekufa. Kisha akaanza kummeza, kuanzia kichwani, taratibu, taya moja baada ya lingine, hadi mkia ukaning'inia kama uzi na kupotea.

Machozi yalikuwa yakimtiririka bibi. Nilidhani ni ya furaha, nikaruka, nikamkumbatia. Yeye akapiga makofi matatu ya taratibu kumshukuru mgeni.

"Amekubali," akasema. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Nani kakuonyesha?"

Baba alikuwa amesimama nje, kivuli chake kiko mlangoni. Nilikiona, na bibi alikiona.

"Nimebahatisha tu, bibi."

Baba, aliyenicharaza siku moja kwa uongo wa kipande cha muwa, hakusema neno. Kivuli kikaondoka mlangoni.

Asubuhi lori lilipofika bibi alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake, mdogo kuliko wa mtu yeyote. Nilikwenda kuchukua mtungi, akanizuia. "Ameshiba. Lori litamtapisha." Akaubeba mwenyewe hadi kwenye tanuru la baba yake, akaulaza ndani, upande unaopigwa na jua, akaujazia nyasi. Alirudi akitembea kwa kasi, hakugeuka, akapanda lori bila kushikwa mkono, akaketi juu ya kinu. Niliketi miguuni pake njia nzima, nimeshika kanga yake. Niliamini nimemwokoa.

Kijiji kipya kilikuwa na shule, na kwenye shule ile nilijifunza kusoma, na kwa kusoma nikaja kuwa mwalimu wa dini wa watoto kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu. Namshukuru Mungu kwa hilo bila kusita. Mdogo wangu alizaliwa kwenye zahanati ile, akapona ugonjwa ambao kule juu ungemmaliza. Lakini bibi alikaa kwenye nyumba iliyopangwa mstari mmoja na nyingine, mlango ukitazama barabara, akawa anatoka nje asubuhi na kusimama bila kujua aelekee wapi. Alikuwa hana tuta lake la kwenda kufukua. Yeye aliyekuwa mtulivu kuliko sisi sote ndiye aliyekosa utulivu, na sisi tukatulia.

Nilikuwa msichana mkubwa, bibi amelala kwa ugonjwa wake wa mwisho, nilipopata ujasiri. Nilikuwa nimekwisha kuungama ule uongo kwa padri, na padri alinipa sala za kusali, lakini aliyestahili kuusikia alikuwa yeye. Nilimwambia ni baba aliyenionyesha pete ya unyasi.

"Najua," alisema. "Nani mwingine? Alipokuwa mdogo ndiye aliyekuwa akiwalisha wageni wangu wote. Alikuwa na mkono mzuri. Nilimfundisha mimi."

Nikakumbuka panya wa kwanza wa Skola, na kichwa kile kilivyokuwa kikisogea.

"Bibi, basi ulijua. Tangu mwanzo ulijua ni panya gani anafaa."

"Nimewaachisha ziwa watoto saba," alisema. "Nisijue mdomo mchanga unatosha nini?"

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza mgeni anastahili nini. Hukuniuliza kama nataka kuhama." Kisha akanishika mkono, mkono wake ukiwa mwepesi kama jani kavu, akasema, "Hakuna aliyeniuliza, Tazia. Hata baba yako. Yeye alileta kipimo cha panya."

Nilimuuliza palepale, nikiwa nimechelewa miaka yote ile: "Bibi, ungependa kubaki?"

Alifikiri, kama mtu ambaye kwake swali lile ni jipya na linahitaji haki yake. "Ningependa kuulizwa," akasema. "Pengine ningekuja."

Baba hakulizungumza jambo lile hadi kufa kwake, na mimi sikumlazimisha. Nadhani aliipenda roho ya mama yake kwa njia aliyoijua, na alijua kipimo cha kila kitu isipokuwa hicho kimoja. Nawaombea wote wawili kila Misa ya wafu, majina yao nikiyataja pamoja.

Nawe uliyenisoma hadi hapa, Mungu akubariki unapotoka na unapofika. Akupe mlo unaokutosha na usingizi usio na mashaka. Na kama nyumbani mwako yuko mtu unayemtakia mema na hujamuuliza, akujalie umkute yu hai, ukae naye chini, na uwe na muda wa kusikiliza jibu lake lote.